Nani Anatuza? Majaji, Mchujo na Jahazi la Dhahabu

Neno "tuzo" siku hizi tunalitumia ovyo. Kila kampuni ina tuzo, kila redio ina tuzo, hata kumbi za harusi nazo zinatafuta tuzo. Lakini ukilifuata neno lenyewe mpaka shinani utakuta kitenzi "tuza", na kutuza, kwa watu wa mwambao, si kazi ya kamati. Ni mtu kuinuka kitini pake katikati ya wimbo, akaenda mbele, akampa mwimbaji noti mbele ya macho ya watu, kisha akarudi zake kukaa. Anayetuza anaonekana. Ubeti ule umemgusa, au pengine anakusudia umguse jirani yake aliyekaa safu ya tatu! Tanga ile ya Black Star na Lucky Star, vikundi viwili vya taarabu vilivyoshindana mpaka mji ukagawanyika, haikuhitaji jopo lenye mwenyekiti na katibu ili kujua usiku ule nani kamshinda nani.

Ndugu msomaji, nimeanza na jambo hili kwa sababu nataka kueleza tuzo za aina nyingine kabisa: tuzo za matamasha ya kimataifa ya filamu, ambako anayetuza huwa haonekani. Hapa chuoni tunapenda kuuliza filamu fulani ilishinda nini. Mara chache tunauliza ilishindaje, nani aliiona kwanza, na nani aliiona kwa lugha gani. Mimi naona maswali haya ni ya uhakiki, wala si ya waandishi wa habari za burudani peke yao.

Mfano ulio karibu nasi, ng'ambo ya maji tu kutoka Tanga, ni Tamasha la Filamu la Kimataifa la Zanzibar, ambalo sote tunaliita ZIFF. Taasisi yake iliundwa mwaka 1997 na tamasha la kwanza likafanyika 1998. Tangu mwanzo lilijipa jina la Tamasha la Nchi za Jahazi. Jina hilo si pambo. Linachora ramani: Afrika, Uarabuni na Ghuba, Uajemi, Bara Hindi, visiwa vya Bahari ya Hindi, yaani kokote ambako upepo wa kaskazi na kusi uliwahi kumfikisha nahodha. Ni ramani isiyofuata mipaka iliyochorwa Berlin mwaka 1884 na 1885. Tuzo yake kubwa inaitwa Jahazi la Dhahabu, inayofuata ni Jahazi la Fedha, na ukumbi wake mashuhuri ni Ngome Kongwe pale Forodhani, ambapo picha huonyeshwa usiku nje, watu wamekaa kwenye ngazi za mawe na popo wanapita juu ya kitambaa. Tukumbuke pia kuwa Unguja ilikuwa mji wa sinema zamani: Majestic, Empire, Cine Afrique. Laura Fair ameandika kitabu kizima juu ya watazamaji wa majumba hayo ya Tanzania, kilichotoka mwaka 2018. ZIFF ilipoanza, desturi ile ya kwenda sinema ilikuwa inakata roho. Kwa hiyo tamasha lilipaswa kutafuta watazamaji upya, na ndiyo sababu likapeleka maonyesho vijijini Unguja na Pemba, mbali na hoteli za Mji Mkongwe.

Sasa tuje kwenye utaratibu. Kwa kawaida, katika matamasha karibu yote, filamu hupita milango mitatu. Kwanza mtengenezaji huiwasilisha. Pili kuna wateuzi, ambao mara nyingi hawatajwi sana, na hao ndio wanaoamua filamu gani iingie katika ratiba, na ikiingia, iwe katika mashindano au nje ya mashindano. Tatu, tamasha likishaanza, ndipo majaji wanapofika: watu wachache, aghalabu kati ya watatu na tisa, wametoka nchi mbalimbali, wana mwenyekiti wao, wanaangalia filamu zilizokwisha teuliwa, wanajifungia chumbani, wanabishana, wanatoka na majina.

Watu wengi humtazama jaji kama ndiye mwenye nguvu. Sivyo. Jaji hawezi kuituza filamu ambayo haikuvuka mlango wa pili. Ni kama mtihani wa fasihi wa kidato cha sita: mtahiniwa anaambiwa yuko huru kuchagua riwaya mbili kati ya zilizopendekezwa, lakini aliyependekeza alishamaliza kazi zamani, na mtahiniwa hamjui hata kwa sura. Ukitaka kujua itikadi ya tamasha, usisome orodha ya washindi tu. Soma orodha ya waliochaguliwa, na kama unaweza, ulizia walioachwa. Hao wa mwisho hawachapishwi popote, na hapo ndipo uhakiki wetu unapokwama.

Mchujo wenyewe una sheria zinazoonekana za kiufundi tu, kumbe ni za kitabaka. Chukua FESPACO ya Ouagadougou, tamasha kongwe lililoanza mwaka 1969, ambalo tuzo yake kubwa, Farasi wa Yennenga, ilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1972 kwa Oumarou Ganda wa Niger. Kwa miaka mingi FESPACO ilidai kuwa filamu ya kushindania Farasi huyo iwe katika ukanda wa milimita 35. Sharti hilo liliondolewa kuanzia tamasha la 2015. Sasa fikiria: Girlfriend ya George Tyson, iliyofungua njia ya hiki tunachokiita Bongo Movie, ilitoka mwaka 2003, na wimbi lote lililofuata lilipigwa kwa kamera za video. Maana yake ni kwamba kwa zaidi ya miaka kumi, filamu za Kiswahili zilizokuwa zikitazamwa na watu wengi kuliko zote hazikuweza hata kugonga mlango wa mashindano makuu ya Afrika. Hakuna jaji aliyezikataa. Hazikufika mbele ya jaji. Mwenzangu mmoja bwenini aliniambia, "Afadhali hazikufika, zingetutia aibu." Inawezekana. Lakini aibu nayo ingekuwa hukumu, na sisi hatukupata hata hukumu.

Farasi huyo alifika Afrika Mashariki na Pembe yake kwa kuchelewa: mwaka 2009 kwa Teza ya Haile Gerima wa Ethiopia, 2019 kwa filamu ya Joël Karekezi wa Rwanda, 2021 kwa Khadar Ayderus Ahmed wa Somalia. Tanzania bado.

Turudi Zanzibar, maana huko mambo yamekuwa na sura nyingine. ZIFF haina jopo moja. Pamoja na majaji wakuu wa kimataifa, kwa vipindi mbalimbali kumekuwa na majopo na tuzo za pembeni: tuzo ya SIGNIS, ambayo ni jumuiya ya Kikatoliki ya mawasiliano na imekuwa ikiangalia hasa filamu za Afrika Mashariki, tuzo ya Verona, inayohusiana na tamasha la filamu za Kiafrika la mji huo wa Italia, tuzo yenye jina la Sembene Ousmane kwa filamu fupi. Kila jopo lina jicho lake. Filamu moja inaweza kupita mbele ya jopo kuu bila kutajwa, kisha ikatuzwa na jopo la pembeni, na wote wakawa sawa, kwa sababu hawakuulizwa swali lilelile. Jopo moja linaulizwa: filamu hii ni bora kama sanaa? Jingine linaulizwa: inabeba utu, inabeba maendeleo? Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza atasema hiyo ni fani na maudhui tu. Ndiyo, ila hapa fani na maudhui vimepewa kila kimoja kikombe chake.

Hilo jina la Sembene lina maana kwa sisi watu wa fasihi. Sembene alikuwa mwandishi wa riwaya kabla ya kushika kamera, na aliishika kwa sababu alitambua kuwa watu aliowaandika hawasomi Kifaransa alichowaandikia. Mandabi, ya mwaka 1968, aliitoa kwenye hadithi yake mwenyewe na akawafanya wahusika waseme Kiwolofu. Mwaka huohuo ikapata tuzo maalumu ya majaji kule Venice. Naitaja kwa sababu inapinga kidogo hoja ninayotaka kuileta. Majaji wa Venice hawakujua Kiwolofu, na bado waliiona.

Hoja yenyewe ni hii: jaji wa kimataifa anayetazama filamu ya Kiswahili anasoma maandishi yaliyo chini ya picha, na anachokisoma ni filamu nyingine, nyembamba zaidi. Kijana anapomwambia mzee "shikamoo" huku ameangalia pembeni, chini ya picha patakuwa na salamu tu. Jaji amepata neno lakini hakupata ule ufedhuli. Mwanamke anamwambia mumewe "haya", na sisi tunajua hiyo "haya" inaweza kuwa ndiyo, inaweza kuwa utaniona, inaweza kuwa nimechoka na wewe. Mwandishi wa tafsiri anachagua moja. Halafu kuna lahaja. Mhusika akizungumza Kipemba katikati ya watu wa mjini Unguja, au Kimtang'ata mbele ya hakimu kutoka bara, mtazamaji wa mwambao ameshaelewa nusu ya mgogoro kabla haujatajwa. Jaji hana habari. Na upande wa pili vilevile: mwigizaji aliyelelewa Dar es Salaam akijitia Mzanzibari wa zamani na matamshi yakamponyoka, watu wa Ngome Kongwe watacheka mahali ambapo si pa kucheka. Jaji atashangaa wanachekea nini, kisha ataandika kuwa mwigizaji alikuwa mzuri.

Mabanda ya video, yale tuliyokulia sisi wa uswahilini, yalikuwa na dawa yake ya tatizo hili: mtafsiri wa sauti. Lufufu ndiye aliyejulikana zaidi. Filamu ya Kimarekani au ya Kihindi ilikuja na yeye akaisimulia kwa Kiswahili juu ya sauti zao, akiongeza utani wake, akimpa stelingi jina la mtaani. Wasomi wa nje wameandika juu ya jambo hili kwa heshima kubwa, huku sisi tukilionea haya. Lufufu hakutafsiri maneno tu, alitafsiri hali. Jopo la majaji halina Lufufu wa kuwanong'oneza.

Kesi inayoonyesha haya yote kwa pamoja ni Vuta N'kuvute. Riwaya ya Adam Shafi ilitoka mwaka 1999, na wengi wetu tuliisoma sekondari kwa ajili ya mtihani, tukakariri dhamira zake kama tunavyokariri hesabu za mara. Filamu iliyoongozwa na Amil Shivji ilionyeshwa kwanza Toronto mwezi Septemba 2021, ikiwa filamu ya kwanza ya Tanzania kuteuliwa katika tamasha lile. Kisha Tanzania ikaipeleka kugombea Oscar katika kundi la filamu za kimataifa, zaidi ya miaka ishirini baada ya filamu pekee iliyotangulia kupelekwa, Maangamizi ya Martin Mhando na Ron Mulvihill, mwaka 2001. Haikufika kwenye orodha ya mwisho, kama ambavyo Maangamizi haikufika.

Wasomaji wa riwaya walipoiona filamu walilalamika, na malalamiko yao nayafahamu. Yuko wapi Denge tuliyemjua, iko wapi ile mikasa yote, mbona kimya kimezidi? Filamu ya saa moja na nusu hivi imechukua penzi la Yasmin na Denge katika Zanzibar ya miaka ya 1950 na kulisema kwa mwanga, kwa vichochoro, kwa nyuso. Sauti ya msimulizi wa Adam Shafi, yenye utani na umbeya mtamu, haipigiki picha, basi mwongozaji ameiacha. Kwa macho yangu huo ni uamuzi wa kishairi, na nauheshimu. Lakini tujiulize: je, ni bahati tu kwamba filamu ya Kiswahili iliyovuka milango ya Toronto ni ile ambayo uzito wake mkubwa uko katika picha, si katika mazungumzo? Simlaumu Shivji. Nasema mlango una umbo, na kinachopita huwa kinafanana na mlango. Filamu ambayo nguvu yake yote iko katika kupigana vijembe, tuseme filamu ya mke na wifi iliyoandikwa na mtu anayejua mipasho, ingefika mbele ya majaji walewale ikiwa imekufa nusu.

Toronto yenyewe, ajabu, iko karibu na taarabu kuliko tunavyodhani. Tuzo yake mashuhuri kuliko zote haitolewi na jopo, hutolewa kwa kura za watazamaji. Yaani kutuza, ila bila noti na bila kuonekana. Na Berlin kuna jopo la watoto kwa filamu za watoto. Mwaka 2018 jopo hilo liliitaja kwa heshima Supa Modo ya Likarion Wainaina wa Kenya. Mtoto wa miaka kumi na moja kupewa madaraka ya kuhukumu sanaa! Walimu wetu watanisamehe, ila naona ni jambo la busara.

Supa Modo inatuingiza katika kisa kingine cha mwaka huohuo, ambacho nitakipita haraka. Rafiki ya Wanuri Kahiu, iliyotokana na hadithi fupi ya Monica Arac de Nyeko wa Uganda, ilikuwa filamu ya kwanza ya Kenya kuteuliwa Cannes, katika kitengo cha pembeni kiitwacho Un Certain Regard. Nyumbani ilipigwa marufuku kwa sababu ni penzi la wasichana wawili. Sheria za Oscar za wakati huo zilitaka filamu iwe imeonyeshwa hadharani kwao kwa siku saba, basi Mahakama ikaisimamisha marufuku kwa siku saba, Septemba 2018, watu wakajaa ukumbini Nairobi, marufuku ikarudi. Kamati ya Kenya hatimaye ikaipeleka Supa Modo. Hapa tunaona mlango ambao sikuutaja mwanzo: dola. Kabla ya mteuzi na kabla ya jaji yupo mkaguzi, naye hatoi sababu za kisanaa wala haulizwi.

Oscar ina sharti jingine ambalo, kwa mara moja, linatupendelea: maongezi mengi ya filamu yasiwe ya Kiingereza. Lionheart ya Nigeria iliondolewa mwaka 2019 kwa sababu hiyo, na Wanigeria wakauliza kwa haki, hivi Kiingereza tulichoachiwa na mkoloni si lugha yetu? Sisi tungeweza kuitikia kwa majivuno kidogo. Kiswahili kinaingia bila kuulizwa kitambulisho.

Sasa kuhusu Bongo Movie. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 ZIFF ilizitengea filamu hizo tuzo zake maalumu, kwa udhamini wa Zuku. Lilikuwa jambo jema na lenye kasoro. Jema, kwa kuwa waigizaji waliokuwa wakipendwa na umma waliingia Ngome Kongwe na umma ukawafuata. Lenye kasoro, kwa kuwa ukimtengea mtu meza yake umemwambia pia asikae kwenye ile kubwa. Msomi wa fasihi anaifahamu hali hii. Ndivyo tulivyozitendea riwaya pendwa kwa miaka mingi: tukazipa sura yake ndogo mwishoni mwa kitabu cha historia ya fasihi, kisha tukaendelea na mambo yetu.

Namaliza na filamu za kwetu, kwa maana ya pwani hii ya kaskazini. Pangani, kusini mwa Tanga, shirika la UZIKWASA lilitengeneza Aisha, iliyoongozwa na Chande Omar, mwaka 2015, na Fatuma, iliyoongozwa na Jordan Riber, mwaka 2018. Aisha inahusu mwanamke aliyebakwa katika mji wake mwenyewe na kimya kinachomzunguka. Fatuma inahusu mke wa mkulima, mavuno, na nani ana haki ya kuamua juu ya jasho la nani. Filamu hizi zilipelekwa vijijini, watu wakatazama, kisha wakazungumza wenyewe kwa wenyewe. Hukumu yao haikuwa na kikombe. Mama akisema mbele ya majirani "hili limetokea hapahapa", huko nako ni kutuza, na pengine ndiko kutuza kwenyewe. Lakini jopo la kimataifa likiitazama Aisha litauliza, na lina haki ya kuuliza, kama kamera imekaa vizuri, kama mwisho haukuharakishwa. Mwenye kusema swali la kijiji ni kubwa kuliko la jopo anajidanganya, na mwenye kusema kinyume chake vilevile.

Tunachoweza kudai ni kidogo na kinatekelezeka. Katika tuzo za fasihi ya Kiswahili, kama ile ya Safal-Cornell iliyoanzishwa mwaka 2014, au Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere iliyotoa washindi wake wa kwanza mwaka 2023, mswada wa Kiswahili unasomwa na jaji anayeujua Kiswahili. Hakuna anayeona ajabu. Basi jopo lolote linalohukumu filamu ya Kiswahili liwe na angalau mtu mmoja anayesikia lahaja, na neno lake lipewe uzito. Tafsiri ya chini ya picha ihesabiwe kuwa kazi ya uandishi, ilipwe, jina la mtafsiri litajwe. Na majaji waandike sababu zao kwa kurasa mbili tatu, zichapishwe kwa Kiswahili, siyo yale maneno mawili ya "simulizi yenye nguvu" yanayosomwa jukwaani huku watu wanapiga makofi.

Sisi nasi tuna deni. Vuta N'kuvute ya kitabu ina tahakiki kwenye kila kaunta ya fotokopi. Vuta N'kuvute ya filamu, uhakiki wake wa Kiswahili ulioandikwa kwa kina unaweza kuutia kwenye mfuko wa shati na nafasi ikabaki. Jaji anayekuja Zanzibar hufika akiwa amesoma yaliyoandikwa kwa Kiingereza na Kifaransa, kwa sababu hayo ndiyo aliyoyakuta. Wahariri wa jarida hili wameahidi kurasa sita katika toleo lijalo kwa ajili ya uhakiki wa filamu. Anayetaka kuandika juu ya Aisha au Fatuma awaone mapema, maana nakala za kutazama ni chache na itabidi tukae pamoja.